Mama Ndagala na Mchi Usiokatwa

Mama mudogo Apolline alipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Simu ikamtoka mkononi, ikaangukia magotini pangu, na mimi nikapiga kelele yangu, bila hata kujua tunaogopa nini.

"Mkono!" akasema, macho kayafumba. "Pale kwa dirisha. Angalia weye mwenyewe, mi siangalii tena."

Nikaangalia. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na chumba cha daktari wa zamani, kimejaa makabati, chupa, mabuibui na picha za watu waliokunja uso. Nyuma ya pazia, vidole vyeupe vilikuwa vimeshika dirisha. Nikasoma orodha ya vitu vya kutafuta iliyo chini kabisa, nikavigusa vile vidole, vikayeyuka kwa mlio mdogo wa kengele.

"Ni glavu tu, Mama mudogo."

"Najua ni glavu. Nimeiona kabla yako. Lakini nani aliiweka pale?"

Ndivyo alivyo. Apolline ni mdogo wake mama. Mimi ninasoma Kasongo, na kila vakansi kubwa, shule ikifungwa, mama ananipandisha pikipiki, ananituma kwake Salamabila nikamsaidie. Msaada wenyewe ni kukaa. Mama mudogo hapendi kukaa peke yake. Mume wake alienda Kalemie kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko. Yeye akabaki na kibanda cha mbao kando ya barabara, pano za jua juu ya mabati, batri ya gari chini ya meza, na waya zinazoning'inia kila upande kama mizizi. Wachimba dhahabu wanamletea simu asubuhi, wanazifuata jioni zikiwa zimejaa chaji. Kila simu anaifunga kipande cha kitenge, na mwenye simu anaondoka na kipande kingine cha kitenge hicho hicho. Akirudi, maua yakifanana, anapewa simu yake. Sijasikia iliyopotea.

Anaogopa radi. Anaogopa mbwa asiyebweka, na mtu anayecheka peke yake. Kwenye madaraja ya miti anashuka pikipiki, anavuka kwa mguu, ameshika shati la dereva kwa nyuma. Alipokuwa mtoto kule Lusangi, wakati wa vita, walikimbilia porini pamoja na nyanya yangu, wakakaa huko masika nzima, wamekatazwa hata kukohoa. Mama yangu alikuwa hapo hapo na yeye haogopi kitu. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini woga wote ulimchagua mmoja wao. Akanijibu: "Mi nilikuwa nalala. Yeye njo alikuwa anaangalia."

Sasa mtu kama huyo, ungedhani atacheza michezo ya mpira au ya kupanga rangi. Hapana. Anacheza ile ya kutafuta vitu vilivyofichwa, na ya kutisha hasa. Anaipata Kasongo, kwa kijana anayejaza nyimbo na michezo kwenye kadi memori, kwa sababu Salamabila mtandao unakuja na kuondoka, huwezi kuutegemea. Nilimuuliza ni ipi inayostahili kuchezwa, na nilijuta, maana alinijibu tangu asubuhi mpaka wali ukaiva.

Mchezo wenye saa inayohesabu, anaufuta. Saa inamfanya mtu agusaguse ovyo. Mchezo unaoficha ufunguo mweusi ndani ya giza jeusi, huo anauita wizi. Mchezo mzuri unakiweka kitu mbele ya macho yako mchana kweupe, ila umekivalisha nguo ya kitu kingine. Nyoka amekuwa mkono wa ngazi. Kisu kimekuwa unyoya kwenye mkia wa jogoo. Kuna mmoja wa gari-moshi lililokwama kwenye theluji. Sisi wote wawili hatujaona theluji, tunaona ni kama unga wa muhogo umemwagika dunia nzima, na huo njo tunaupenda kuliko yote, kwa sababu vitu vyote vina baridi na ukivipata unasikia kama umeviokoa. Kuna mwingine wa mahandaki chini ya kanisa. Huo anaufungua tu nikiwa nimekaa karibu, mkono wangu ndani ya mkono wake.

"Kama unaogopa, juu ya nini unacheza?" nilimuuliza.

"Hii woga iko na kifungo cha kuzima," akasema. "Ile ingine haina."

Kucheza kwake si kama kwangu. Mimi nasoma jina, natafuta. Yeye hata orodha haisomi kwanza. "Usitafute kitu," ananiambia. "Kila kitu kiulize: weye, juu ya nini uko hivi? Kiti kitakujibu. Chupa itakujibu. Kile chenye kukosa jibu, gusa."

Tatizo ni kwamba macho hayo hayakuwa na kifungo. Wiki ileile niliyofika, aliona mfuko mweusi katikati ya barabara, umefungwa kwa waya. Akasimama mbele yake mikono juu. Pikipiki zikasimama pande zote mbili, watu wakashuka, wanawake wakachukua watoto wao. Mwisho akatoka mzee mmoja na fimbo, akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na samaki. Ndagala wakavu, wameanguka kwenye mzigo wa mtu. Tangu hapo Salamabila nzima ikasahau jina lake. "Mama Ndagala, telefone yangu imejaa?" "Mama Ndagala, kuna kitu ndani ya sahani yangu, kuja uangalie kama haitalipuka!" Alikuwa anacheka nao. Lakini niliona ameanza kuogopa kitu kipya: kuogopa kusema.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa Mama Feza, jirani yetu. Mama Feza ni mtwangaji. Wachimbaji wakitoa mawe shimoni, wanawake wanayatwanga kwenye vinu vya chuma mpaka yawe unga, halafu unga unaoshwa kwenye karai ili dhahabu ibaki chini. Uwanja wao uko kando ya kibanda, na kutwa nzima tunasikia dum, dum, dum, mpaka maji kwenye kikombe yanacheza. Mchi wa mawe si wa mti. Ni chuma kilichokatwa kwenye ekseli za malori yaliyokufa, kizito, na kinakwisha kama sabuni. Mchi wa Mama Feza ulikuwa umepasuka, na alikuwa anaazima wa wenzake huku analalamika kwamba wa kwanza ni mwepesi, wa pili unamla viganja.

Kwa hiyo Souleymane alipofika na pikipiki yake, walimpokea kama bwana harusi. Souleymane ni mtu wa Kasongo, anazunguka Lusangi, Kabambare na Salamabila akinunua vyuma vya zamani. Vinavyofaa kuwa michi anawauzia watwangaji, vinavyobaki anawapelekea wahunzi wa Kasongo wanaotengeneza majembe. Siku zote anafunga gunia la vyuma nyuma ya kiti, ameliegemea kama mto. Akalifungua chini, vyuma vikamwagika kwa kelele.

"Karibuni ba mama! Leo Mungu amenipa, wallahi. Ekseli, nondo, kila kilo."

"Hizi nondo umeiba kwa daraja la nani?" Mama Feza akamuuliza.

"Nikiiba daraja, Mama Feza, nitapita wapi kuja kukuona?"

Wanawake wakacheka. Mama Feza hakuwa anacheka tena, alikuwa ameshaona. Akaniita, maana nilikuwa nimesimama upande wa gunia. "Olga, mutoto wangu, niletee kile. Hapana, kile cha udongo. Kinono."

Nikakichukua. Kilikuwa kimefunikwa udongo mwekundu uliokauka, kizito mpaka nilikikumbatia tumboni. Upande mmoja kilikuwa kinene na cha mviringo kama embe, upande mwingine kilikuwa chembamba, sawasawa na shingo ya mchi, pa kushika. Nakumbuka kilikuwa baridi. Nakumbuka nilifurahi kwamba nimeweza kukibeba peke yangu.

Mama Feza akakipima mkononi. Akakigonga kidogo kwenye gogo ili udongo utoke.

"Angalieni!" akasema. "Huyu hata kumukata hawakumukata. Ametoka tumboni mwa mama yake akiwa muchi. Souleymane, mi nimepata mume."

"Mume ni kilo mingi, Mama Feza."

"Kilo njo nataka."

Nikageuka kumuangalia mama mudogo ili tucheke pamoja. Alikuwa ndani ya kibanda, simu mkononi, mchezo wa gari-moshi bado unawaka. Hakuwa anaangalia simu. Alikuwa anaangalia rundo la vyuma, na midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo kidogo, kama anavyofanya akicheza, akiuliza kila kitu swali lake. Halafu macho yake yakafika mkononi mwa Mama Feza, yakabaki hapo. Nikaona rangi inamtoka usoni. Nimesoma maneno hayo vitabuni mara nyingi na sikuwahi kuyaamini. Inatoka kweli.

Akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Nikaelewa kitu kimoja tu: anataka kusema na hawezi. Mama Feza alikuwa ameshamwaga mawe ndani ya kinu, anatafuta pa kuweka miguu. Mama mudogo akatoka, kiatu kimoja kimebaki chini ya meza, waya ya simu ya mtu imemnasa begani inamfuata.

"Feza," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Feza, usitwange."

"Eee! Mama Ndagala amefika!" Mama Feza akapaza sauti ili wote wasikie. "Leo ni samaki gani?"

Kicheko kikapanda uwanja mzima. Hata Souleymane. Hata mimi, naomba niseme ukweli, midomo yangu ilianza kucheka kabla sijaizuia.

"Hiyo si muchi," mama mudogo akasema. "Ingine zote zimekatwa. Angalia, ziko na alama za msumeno, ziko na matundu ya bolti. Zote zilikuwa kitu ya gari. Hiyo haikukatwa. Hiyo ilitengenezwa vile. Juu ya nini ilitengenezwa vile?"

"Ju ya mi nitwange!"

"Kwa hospitali kuko picha yake, ile yenye kusema usiguse. Kwa ukuta, pale tunapima watoto. Feza, nakuomba."

"Ile wiki ingine uliniomba pia, nikakimbia na sufuria kichwani. Kwa ajili ya ndagala!" Mama Feza akainua kile chuma kwa mikono miwili, juu, mpaka juu ya kichwa chake, kama wanavyofanya pigo la kwanza ili mawe yajue nani ni bosi. "Rudi kwa michezo yako, dada yangu. Sisi tuko na kazi."

Mama mudogo Apolline, yule anayeogopa glavu, akapiga hatua, akageuka, akaketi juu ya kinu.

Aliketi kabisa. Matako juu ya mdomo wa kinu, magoti yamegongana, mikono imeshika kingo. Alikuwa anatetemeka hata mawe ndani ya kinu yalikuwa yanalia kwa chini yake, krr, krr, na hakuna sauti nyingine iliyosikika uwanjani, kwa sababu kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Basi twanga," akasema.

Mama Feza akabaki na mikono juu. "Apolline, ondoka."

"Siondoki."

"Ondoka, uzito unanishinda!"

"Usishushe haraka. Feza, usirushe. Angalia kwanza. Angalia mahali unashika."

Mama Feza akainua uso. Jasho la viganja vyake lilikuwa limelainisha udongo. Kidole gumba kikasogea, udongo ukabanduka, na mimi nilikuwa karibu vya kutosha kuona. Kwenye shingo ya mchi kulikuwa na matundu madogo, yamepangwa kuzunguka, safi kama yaliyochorwa na bikari. Chini yake, pale ilipoanza kunenepa, rangi ya kijani. Na namba ndogo.

Hakuna ekseli ya lori inayopakwa rangi ya kijani na kuandikwa namba kwenye shingo.

"Mama yangu," Mama Feza akasema, na sikuwahi kusikia mtu mzima akiita mama yake kwa sauti ile.

Wanawake wakaanza kurudi nyuma bila kugeuka. Mmoja akaangusha karai na sote tukaruka. Souleymane alikuwa amekaa chini, sijui alikaa saa ngapi. "Nimeitoa Lusangi," alikuwa anasema. "Mutu aliichimbua kwa shamba la muhogo. Nimekuja nayo mashimo yote ile ya barabara. Nimeiegemea. Ba mama, nimeiegemea na mugongo."

Mikono ya Mama Feza ilikuwa imeanza kucheza. Hapo njo niliogopa kweli, kuogopa kwa namna ambayo masikio yanaziba. Alikuwa hawezi kuishikilia na hawezi kuiachia. Nilikuwa nafikiria tumbo langu. Nilikuwa nasikia ule ubaridi bado upo pale, mahali nilipoikumbatia.

"Olga," mama mudogo akasema bila kuniangalia. "Nenda nyuma ya ukuta wa matofali. Usikimbie. Tembea."

"Na weye?"

"Tembea."

Nikatembea. Kwenye kona nikageuka. Alikuwa amesimama kutoka kwenye kinu, polepole, akaingiza mikono yake chini ya mikono ya Mama Feza. Walikuwa uso kwa uso, kama watu wanaocheza dansi. Kando yao kulikuwa na rundo la unga wa mawe, uliotwangwa tangu asubuhi na kusubiri kuoshwa, laini na mweupe. Wakaenda pale hatua ndogo ndogo. Nilimsikia mama mudogo anaongea mfululizo, na sauti yake ilikuwa inavunjika, lakini haikukatika: "Goti sasa. Goti la pili. Chini. Chini tena. Usiache, mi nitakuambia. Bado. Bado, Feza, usilie, machozi utayalia baadaye, bado. Sasa acha kidole kimoja."

Waliilaza kwenye unga ule kama watu wanaolaza kitoto kilichosinzia. Halafu wakarudi nyuma kwa magoti, wote wawili, mpaka ukutani. Mama mudogo akanishika uso kwa mikono yake myeupe ya unga, akanigeuza huku na huku kama ananitafuta kitu, halafu akatapika kando ya ukuta.

Askari wakaja, wakazungusha kamba. Watu wa kutegua mabomu walikuwa mbali, njia ni mbaya, ikabidi kuwasubiri. Na kibanda kilikuwa ndani ya kamba, na simu zote za watu zilikuwa ndani ya kibanda. Kila asubuhi wachimbaji walikuja na vipande vyao vya kitenge, wanavionyesha kwa hasira: ua langu ni hili, nipe telefone yangu, naingia dakika moja tu. Mama mudogo alikaa barabarani kwenye kiti, mbele ya kamba, anawakatalia. Kijana mmoja alimtukana, akamuita ndagala, akainua kamba apite. Mama Feza alinyanyuka kando ya kiti.

"Pita," akamwambia yule kijana. "Lakini kwanza uniambie jina la mama yako, nijue nani nitamupelekea kiatu chenye kitabaki."

Yule kijana akaishusha kamba.

Siku watu wale walipofika na fulana zao nene, walitupeleka mbali, nyuma ya kilima. Mkubwa wao alisema ni kombora la zamani, na kwamba kama wangelitwanga, asingeweza kusema ni pigo la ngapi lingelilipua. Labda la kwanza, labda la mia. Walipolilipua shimoni, sauti haikuwa kubwa kama nilivyongoja, ila ilipita kwenye miguu, kutoka ardhini. Mama mudogo alikuwa amejifunga kitenge kichwani mpaka machoni, na vidole vyake vilikuwa vimenishika kwa nguvu hata alama zilibaki.

Nilidhani baada ya hapo atakuwa jasiri. Hapana. Radi ilipopiga, aliingia chini ya meza na batri yake. Ila sasa gunia la vyuma likifika, halimwagwi tena. Mama Feza anapiga kelele, "Ngojeni mwenye macho!" na watu wanangoja mpaka mama mudogo aje, mikono nyuma ya mgongo, asimame mbali, aangalie chuma kimoja kimoja midomo ikicheza. Mara moja alikataa kipande cha bomba ambacho kilikuwa bomba tu. Hakuna aliyecheka.

Vakansi ikaisha. Souleymane ndiye alinirudisha Kasongo. Mama mudogo alinifungia kadi memori ndani ya kipande cha kitenge, akaniambia nianze na ile ya gari-moshi, na ile ya mahandaki niiache mpaka tukutane. Halafu akamuuliza Souleymane kama breki zake ni nzima, akauliza tena, akashika breki mwenyewe.

Tulikuwa tumepita Kabambare, kwenye ile njia yenye mifereji, gunia jipya la vyuma likiwa nyuma yangu. Kila shimo lilikuwa linalia mgongoni, klang, klang. Nilijaribu kufikiria theluji. Nilijaribu kuhesabu miti. Klang. Mwisho nikampiga begani.

"Ya Souleymane, kaka yangu, simama."

"Unataka kukojoa?"

"Nataka tuangalie gunia."

"Niliangalia, mutoto. Wallahi niliangalia moja moja."

"Najua. Tuangalie tena."

Nilidhani ataninung'unikia, jua lilikuwa kali na Kasongo bado mbali. Akazima pikipiki. Akalifungua gunia bila kulitupa, akaliweka kwenye majani taratibu, na tukaanza kutoa vyuma, kimoja kwa wakati mmoja, tukivipanga kando ya njia. Ekseli, ina alama ya msumeno. Nondo, imepindwa. Sahani ya klachi, ina meno. Kila chuma nilikiuliza, kwa sauti, sikuona haya: weye, juu ya nini uko hivi?